Asali na Viungo vya Asili vya Kuupa Mwili Nguvu: Mwongozo Kamili wa Kuchanganya, Kutumia na Kutunza

Chupa nyingi za asali yenye viungo huharibiwa na kitu kimoja: maji. Mtu anakusanya tangawizi mbichi, kitunguu saumu, ndimu, habasoda, mdalasini na karafuu, anavisaga vyote kwenye blenda, anamimina asali, anakaza kifuniko na kuiweka chupa juu ya kabati. Wiki mbili baadaye akiifungua, gesi inatoka kwa kishindo, povu jeupe limepanda hadi shingoni na harufu ni ya pombe. Wapo wanaoambiwa kwamba hapo dawa ndiyo imeiva. Haijaiva, imechacha.

Asali hukaa muda mrefu bila kuharibika kwa sababu ni kavu kuliko inavyoonekana. Takriban asilimia 80 yake ni sukari, maji ni kama asilimia 17 au 18 tu, na juu ya hapo ina asidi, wastani wa pH 3.9. Kijidudu kikiangukia humo hunyonywa maji yake na sukari, hakipati nafasi ya kuzaliana. Lakini maji yakivuka asilimia 20, hamira za asili zilizolala ndani ya asali huamka na kuanza kuila sukari.

Sasa piga hesabu. Nusu kilo ya asali ina maji gramu 85 hivi. Tangawizi mbichi gramu 100 ina maji karibu gramu 80. Ukichanganya, una gramu 165 za maji ndani ya gramu 600, yaani zaidi ya asilimia 27. Hiyo si asali tena ya kuachwa kabatini. Na hapo bado hujakamua ndimu.

Kwa hiyo humu nitagawa kila kitu mafungu mawili. Vikavu huchanganywa na asali na kukaa nje ya friji kwa wiki kadhaa hadi miezi. Vibichi hutengenezwa kidogo kidogo, hukaa kwenye friji na huliwa upesi. Ukilishika hilo, yaliyobaki ni ladha na mkono wako.

Nguvu yenyewe inatoka wapi

Kijiko kimoja cha chakula cha asali, kama gramu 21, kina kalori 64 na sukari gramu 17. Sehemu ya sukari hiyo ni glukosi, ambayo huingia kwenye damu haraka; nyingine ni fruktosi, ambayo hupitia kwanza kwenye ini. Ndiyo maana mtu aliyeshinda na njaa akilamba kijiko cha asali macho hufunguka baada ya muda mfupi. Vitamini na madini yamo, ila ni kidogo mno: gramu 100 nzima za asali hazifikishi hata nusu miligramu ya madini ya chuma. Asali peke yake ni nguvu ya kuwahi, na inayowahi kuja huwahi kuondoka.

Nguvu ya kukaa hutoka kwenye mbegu na jamii ya karanga. Humo mna mafuta, protini na nyuzinyuzi, vitu vinavyochukua muda tumboni na kuzuia sukari isipande ghafla na kuanguka ghafla. Karanga zina protini kama gramu 25 katika kila gramu 100. Mbegu za maboga zina zinki na magnesi kwa wingi. Ufuta usiokobolewa una chuma na kalisi, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Mtu akiniuliza aongeze nini kwenye asali ili asichoke mapema, jibu langu ni mbegu kwanza, viungo baadaye.

Na viungo? Kwa kiasi tunachotumia, havina kalori za maana. Tangawizi inasaidia kweli kutuliza kichefuchefu, na inaleta joto ambalo mtu mchovu hulipenda. Mdalasini, hiliki na karafuu hufanya kazi kubwa zaidi kwenye pua na ulimi. Habasoda imefanyiwa utafiti mwingi, hasa kwa ajili ya kemikali yake iitwayo thaimokwinoni, lakini tafiti nyingi kwa binadamu ni ndogo na hazitoshi kuifanya dawa ya kila kitu kama inavyonadiwa.

Manjano yana kisa chake. Kila mahali utaambiwa uyachanganye na pilipili manga ili mwili uyafyonze mara 20 zaidi. Maneno hayo yana asili ya kweli: utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba piperini, kemikali iliyomo kwenye pilipili manga, iliongeza sana ufyonzwaji wa kurkumini kwa watu. Ila watu wale walipewa gramu 2 za kurkumini safi. Unga wa manjano una kurkumini asilimia 3 hivi, kwa hiyo ili kuzipata gramu hizo 2 ungelazimika kula zaidi ya gramu 60 za unga kwa mkupuo. Weka pilipili manga kwa ladha, haina ubaya. Miujiza usiitarajie.

Jambo moja kabla hatujaingia jikoni. Uchovu usioisha kwa zaidi ya wiki mbili, ingawa unalala na kula, unahitaji kipimo. Upungufu wa damu, kisukari, matatizo ya tezi ya shingoni, maambukizi ya muda mrefu na sonona vyote huanza na "sina nguvu tu". Kwa mwenye kisukari ambacho hakijagunduliwa, vijiko vya asali kila asubuhi vinaongeza mafuta kwenye moto.

Kuchagua asali

Majaribio ya nyumbani ya kutambua asali halisi yasikupotezee muda. Tone linalozama kwenye glasi ya maji bila kutawanyika, kijiti cha kiberiti kilichochovywa asali kikawaka, tone lisilotiririka kwenye kidole gumba: yote hayo hupima uzito na kiasi cha maji tu. Sharubati ya sukari iliyochemshwa ikawa nzito huyafaulu yote. Maabara huugundua udanganyifu kwa njia nyingine, ikiwemo kupima isotopi za kaboni, kwa sababu sukari ya muwa na mahindi hubeba alama tofauti na sukari ya maua mengi.

Unachoweza kufanya wewe ni kununua kwa mtu anayeweza kukueleza mizinga yake iko wapi na alirina lini, kisha ukague mambo machache kwa macho na pua. Pindua chupa iliyofungwa: kiputo cha hewa kipande taratibu, kisikimbie. Asali nyepesi kama maji ya matunda imevunwa mbichi au imeongezwa maji, na hata ikiwa ni ya nyuki kweli, haifai kwa kazi hii. Nusa: isiwe na harufu ya chachu. Tazama juu: povu jembamba la wakati wa kujaza chupa si tatizo, ila viputo vinavyoendelea kupanda ni tatizo.

Kuganda si dalili ya uongo. Glukosi hujitenga na kuwa chembechembe, na hutokea haraka zaidi kwenye ubaridi wa nyuzi 14 hivi. Iliyoganda iweke chupa yake ndani ya sufuria ya maji ya vuguvugu, yasiyozidi nyuzi 40, yaani maji ambayo mkono unayavumilia bila kuutoa. Subiri. Joto kali huua vimeng'enya vya asali na kufukuza harufu yake ya maua. Hata hivyo, ile habari kwamba asali ikiingia kwenye chai ya moto inageuka sumu si kweli. Utakachopoteza ni harufu na vimeng'enya hivyo.

Vifaa

Chupa ya glasi yenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana. Kinu na mchi, au kisagio kidogo cha umeme. Chekecheke laini. Mizani ndogo ya jikoni kama unayo. Kijiko cha chuma cha pua hakidhuru asali, ingawa wengi wanasisitiza cha mti. Linalohusu zaidi ni kiwe kikavu. Chupa ichemshwe dakika kumi, kisha iachwe mdomo chini hadi ikauke kabisa, kifuniko nacho vilevile. Chupa iliyochemshwa ikabaki na matone ndani bado ina maji, nasi maji ndiyo tunayoyakimbia.

Mchanganyiko wa kwanza: asali ya viungo vikavu

Huu ndio wa kuanzia. Hauhitaji friji.

Pima asali gramu 500, ambazo kwa ujazo ni kama mililita 350, kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji. Andaa tangawizi ya unga vijiko 2 vya chai, mdalasini wa unga kijiko 1 cha chai, manjano ya unga kijiko 1 cha chai, hiliki iliyosagwa nusu kijiko, karafuu ya unga robo kijiko na pilipili manga robo kijiko. Karafuu usiizidishe. Mafuta yake yana nguvu ya kufisha ganzi ulimi, na ikizidi kidogo tu chupa nzima inanuka kwa daktari wa meno.

Mdalasini nao una aina mbili, na tofauti yake si ya ladha peke yake. Ule mnene, mgumu, unaojikunja mkunjo mmoja wa gome nene ni kasia; una kemikali iitwayo kumarini, ambayo kwa wingi na kwa muda mrefu huweza kuumiza ini la baadhi ya watu. Mdalasini wa Sri Lanka ni mwembamba kama karatasi, una matabaka mengi ndani ya kijiti kimoja na huvunjika kwa vidole, na kumarini yake ni kidogo sana. Kwa kiasi cha mapishi haya aina yoyote inafaa. Kwa anayekula vijiko vya mdalasini kila siku, atafute ule mwembamba.

1. Kausha viungo kwanza hata kama ulivinunua vikiwa unga. Tandaza kwenye kikaango kikavu, moto mdogo kabisa, dakika moja au mbili, huku ukigeuza. Lengo ni kuondoa unyevu na kuamsha harufu, visibadilike rangi. Epua viache vipoe kabisa.

2. Chekecha vyote pamoja. Vinavyobaki juu ya chekecheke virudishe kinuni.

3. Hapa ndipo wengi hukosea: hutupa unga wote juu ya asali na kuanza kukoroga. Unga huelea, hushikana madonge, na donge likishafunikwa na asali kwa nje, ndani hubaki unga mkavu ambao hutaufikia hata ukikoroga kutwa. Fanya hivi badala yake: weka unga kwenye bakuli, ongeza vijiko vitatu vya asali tu, na usugue kwa mgongo wa kijiko ukiubana kwenye ukuta wa bakuli hadi upate rojo nzito ya kahawia, inayong'aa, isiyo na punje kavu. Ikiwa bado kuna mistari ya rangi hafifu unapovuta kijiko, haijawa tayari.

4. Sasa ongeza asali iliyobaki kwa mafungu matatu, ukikoroga polepole kwa kuzunguka ili usiingize hewa nyingi.

5. Mimina kwenye chupa, acha nafasi ya kidole kimoja juu, funga. Iache siku tano hadi saba mahali pakavu pasipo jua kabla ya kuonja kwa dhati. Siku ya kwanza tangawizi hukata koo na mdalasini husikika kama vumbi. Baada ya wiki vinakuwa kitu kimoja.

Viungo vizito vitazama chini kidogo. Koroga kwa kijiko kikavu kabla ya kila matumizi.

Mchanganyiko wa pili: asali ya mbegu

Kama utatengeneza kimoja tu kati ya hivi, tengeneza huu. Ndio unaoshibisha, ndio unaobeba protini na madini, na hata mtoto mkubwa asiyependa viungo ataula.

Unahitaji ufuta gramu 100, mbegu za maboga zilizomenywa gramu 100, karanga, lozi au korosho gramu 100, habasoda kijiko 1 cha chakula, chumvi kiasi kinachoshikwa kwa ncha za vidole na asali gramu 250 hadi 300. Ukitaka, ongeza tende kavu gramu 100 zilizotolewa kokwa na kukatwakatwa vidogo. Tende laini zinazotoa maji ukizibonyeza ziache.

Anza na kuchambua, na usiharakishe. Karanga yenye ukungu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ladha ya uchungu itupwe. Ukungu wa jamii ya Aspergillus hutoa sumukuvu inayoshambulia ini, na sumu hiyo haimalizwi na kukaanga. Ukikuta nyingi mbovu ndani ya fungu moja, tupa fungu zima. Kuziosha au kuzichanganya na asali hakuzisafishi.

Kaanga kila aina peke yake kwa sababu haziivi kwa wakati mmoja. Ufuta ndio mjanja zaidi. Kikaango kikavu, moto mdogo, usiondoke. Mwanzoni hutaona kitu. Kisha punje moja moja huanza kurukaruka na kutoa mlio mdogo wa kupasuka, harufu ya mafuta inapanda, na ukisugua punje kati ya vidole inavunjika badala ya kupondeka. Rangi iwe ya dhahabu hafifu. Mimina papo hapo kwenye sinia, usiuache kikaangoni hata kama moto umezimwa, kwani chuma cha moto kitaendelea kuukaanga hadi uwe mchungu. Mbegu za maboga hutuna na kupasuka kwa kishindo kidogo; zikianza kuwa kahawia pembeni epua. Karanga na lozi huchukua dakika nyingi zaidi, na zikipoa hukatika kwa mlio mkavu.

Vyote vikishapoa kabisa, twanga. Usisage hadi ikawa siagi. Acha nusu iwe unga na nusu vipande, maana kinachotafunwa ndicho kinachoshibisha. Habasoda iponde kidogo tu mwishoni, ni chungu na ikisagwa sana huwatawala wenzake.

Pasha asali kwa maji ya vuguvugu ili iwe laini, changanya na mbegu, chumvi na tende. Koroga hadi kila chembe ipate asali. Mchanganyiko unaofaa hushikamana kwenye kijiko ukikiinamisha na kuanguka kwa bonge. Ukitiririka ongeza mbegu, ukikatikakatika ongeza asali. Baada ya siku moja mafuta kidogo yanaweza kupanda juu. Ni ya ufuta na karanga, koroga yarudi.

Hapa adui wa pili anaingia: mafuta ya mbegu huoza kwa joto, mwanga na hewa. Mahali pakavu na penye baridi huu mchanganyiko hukaa wiki nne hivi, kwenye friji miezi miwili. Ukianza kunusa harufu kama ya rangi ya ukutani au mafuta ya kukaangia yaliyorudiwarudiwa, muda wake umepita, hata kama asali yenyewe ingali nzima.

Vibichi: tangawizi na ndimu

Menya tangawizi gramu 50, ikaushe kwa kitambaa safi, ikwangue au ikate vipande vyembamba kama njiti. Changanya na asali gramu 200 kwenye chupa ndogo, weka kwenye friji siku hiyo hiyo. Kesho yake asali itakuwa imelegea kama sharubati, kwa sababu sukari imevuta maji ya tangawizi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Tumia ndani ya siku saba hadi kumi.

Ndimu au limau usikamue ndani ya chupa. Kwangua ganda lake la nje, lile lenye rangi, ndilo lenye harufu, na utie hilo. Maji yake yakamue kikombeni wakati wa kunywa: kijiko cha asali ya tangawizi, maji ya moto yasiyochemka, nusu ndimu. Ladha ni mpya zaidi na chupa haiharibiki.

Kitunguu saumu, kwa tahadhari

Hiki kinapendwa sana na kinatengenezwa ovyo sana. Punje nzima za kitunguu saumu hazina harufu kali kwa sababu kemikali yake maarufu, alisini, haijakuwepo bado. Huundwa pale punje inapopondwa na kimeng'enya kikakutana na mwenzake. Kwa hiyo ponda, acha juu ya kibao dakika kumi, ndipo utie kwenye asali.

Tahadhari inatoka ardhini. Kitunguu saumu hukua udongoni na huweza kubeba vijimbegu vya Clostridium botulinum, bakteria wanaotoa sumu ya kupooza mwili. Bakteria hao hupenda mahali pasipo hewa, penye maji, pasipo asidi ya kutosha. Asali safi huwazuia, ila asali iliyolegezwa kwa maji ya vitunguu, ikaachwa joto la chumba kwa miezi, hupoteza sehemu ya ulinzi wake. Sumu hiyo haionekani wala hainuki. Kwa hiyo tengeneza kidogo, punje kumi kwa gramu 200 za asali, iingie kwenye friji mara moja, na imalizwe ndani ya wiki. Kama unataka cha kukaa, tumia kitunguu saumu kilichokaushwa kikawa unga, kwa utaratibu ule ule wa viungo vikavu.

Kiasi na wakati

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilipendekeza sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwezekana zishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Asali inahesabiwa humo, haina msamaha kwa kuwa ni ya asili. Kijiko kimoja cha chakula cha asali tupu kinakula gramu 17 za fungu hilo.

Asali ya viungo, basi, ni kijiko kimoja cha chai asubuhi na kimoja jioni. Asali ya mbegu, kijiko kimoja hadi viwili vya chakula kwa siku, na kwa kuwa nusu yake hivi ni mbegu, sukari yake ni pungufu kuliko ya asali tupu. Vijiko viwili vina kalori kama 170, hivyo viwe sehemu ya kifungua kinywa, si nyongeza juu ya chai, mkate na mayai. Juu ya uji mzito vinakaa vizuri sana. Anayefanya mazoezi au kazi nzito ya mikono ale kijiko nusu saa hadi saa moja kabla. Usiku kabla ya kulala sioni sababu, na piga mswaki ukila.

Usitegemee kujisikia mtu mpya siku ya tatu. Utakachokiona mapema ni kutoshikwa na njaa ya saa nne asubuhi, na hiyo ni kazi ya mbegu.

Nani asitumie, au aulize kwanza

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulambishwa, hata iliyopikwa ndani ya chakula. Vijimbegu vile vile vya Clostridium botulinum vinaweza kuwemo ndani ya asali safi kabisa; mtu mzima huvipitisha bila madhara, utumbo wa mtoto mchanga huviacha viote.

Mwenye kisukari aongee na daktari wake kwanza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, asile tangawizi, kitunguu saumu na manjano kwa wingi bila kumwambia anayemtibu, na anayesubiri upasuaji aseme mapema anachotumia. Mjamzito anaweza kula viungo kwa kiasi cha mapishi ya kawaida, ila habasoda kwa wingi aiache. Mwenye mzio wa karanga, ufuta au lozi asiiguse asali ya mbegu zenye vitu hivyo, na mwenye mzio wa chavua aanze na tone.

Zile chupa na pakiti za "nguvu za kiume"

Asali ni chakula. Haina uwezo wa kuleta matokeo ndani ya dakika thelathini, na ikileta, jiulize kimetiwa nini humo. Mnamo Julai 2022, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilizionya kampuni 4 zilizokuwa zikiuza bidhaa za asali za nguvu za kiume baada ya vipimo kuonyesha zina sildenafil na tadalafil ambazo hazikuandikwa kwenye pakiti. Hizo ni dawa za hospitali za kutibu tatizo la nguvu za kiume. Kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrate, mchanganyiko huo huweza kushusha presha hadi kumuua, naye akidhani amelamba asali. Na tatizo la nguvu za kiume mara nyingi ni dalili ya mishipa ya damu, kisukari au presha, mambo ambayo hakuna kijiko kitakachoyarekebisha. Tengeneza yako mwenyewe, ujue kilichomo.

Kutunza na kujua kilichoharibika

Bandika karatasi kwenye kila chupa: kilichomo na tarehe. Kila anayechota atumie kijiko kikavu, na kijiko kilichotoka mdomoni kisirudi. Asali ya viungo vikavu ukiitunza hivyo hukaa miezi sita bila wasiwasi, mbali na jiko na dirisha. Asali huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo kifuniko kilicholegea ni sawa na kuongeza maji kidogo kidogo kila siku.

Chupa ya vikavu ikianza kutoa viputo, unyevu umeingia. Ikiwa harufu ingali nzuri na ni mwanzo tu, ihamishie kwenye friji na uimalize upesi kwenye chai au uji. Ikinuka pombe au siki, au ukiona ukungu wa rangi yoyote, mwaga yote. Kuondoa tabaka la juu hakutoshi, kwani nyuzi za ukungu hushuka chini kuliko jicho linavyoona. Chupa ya kitunguu saumu iliyosahaulika nje ya friji usiionje ili kuhakikisha. Itupe moja kwa moja, na utengeneze nyingine ndogo zaidi.